Kupeleka Dai la Ardhi Mbele ya Taifa: Dhuluma za Kihistoria na Ufurushaji nchini Kenya

Dhuluma ya kihistoria ya ardhi, kwa sheria ya Kenya, si kila ugomvi wa shamba. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi ya 2012, kilivyorekebishwa mwaka 2016, kinaieleza kuwa lalamiko lililozuka baada ya haki ya ardhi kuvunjwa kwa sheria, sera, tangazo, mkataba au mazoea ya utawala. Likawaondoa watu katika makao yao. Likatokea kati ya tarehe 15 Juni 1895, Kenya ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza, na tarehe 27 Agosti 2010, Katiba ilipozinduliwa. Na mpaka mwisho wa kipindi hicho likawa halijatatuliwa vya kutosha. Ndugu wawili wanaogombea urithi wa baba yao hawamo humo, hata wakigombana miaka 40. Hayumo jirani aliyesogeza bikoni usiku. Wala haimo familia iliyobomolewa nyumba mwaka 2013: hiyo ina njia yake, na mara nyingi ni fupi zaidi.

Aina ya dhuluma ndiyo huamua ushahidi unaotakiwa, kwa hiyo historia ina kazi kubwa hapa kuliko kuchochea hasira. Pwani, Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wa maili 10, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, wajitokeze kudai na kusajiliwa. Aliyekuwa na habari, karatasi na mtu wa kumwandikia alipata hati. Wengi wa Wamijikenda, waliomiliki kwa ukoo, hawakupata, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota Kilifi na Kwale, wakiishi chini ya minazi waliyopanda babu zao. Bara, Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 iliwapa walowezi ukodishaji wa miaka 99, na ile ya 1915 ikaurefusha hadi miaka 999, huku Mwafrika akihesabiwa kuwa mtu anayekaa kwa hisani ya serikali. Wamaasai walitolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, kisha Laikipia kwa mkataba wa 1911. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa jambo la dola na dola, na mahakama haikuwa na uwezo juu yake. Kericho, ardhi ya Wakipsigis ikageuzwa mashamba ya majani chai, na ukoo wao wa Talai ukahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1934 kwa ajili yao tu.

Uhuru haukuifunga orodha hiyo. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, uliwauzia Waafrika kwa mkopo ardhi ambayo baadhi yao waliamini ni yao tangu hapo. Waendorois walianza kuondolewa kando ya Ziwa Bogoria mwaka 1973 ili pawe hifadhi ya wanyama. Ardhi za umma, kuanzia misitu hadi viwanja vya shule, ziligawiwa wenye vyeo. Ghasia za 1992, 1997 na 2007–2008 zikawafukuza watu kwenye mashamba waliyoyanunua kwa jasho lao. Hapo ndipo mjadala wa kitaifa hukwama: mtu yule yule anaweza kuwa mdhulumiwa kwa hesabu moja na, machoni pa majirani zake, mnufaika wa dhuluma kwa hesabu nyingine. Bahati nzuri, sheria haimtaki mdai alitegue fumbo hilo lote. Inamtaka aseme ni tendo gani, la nani, la lini, na lilimtoa wapi.

Mijadala iliyokwisha kufanyika

Kenya haijawahi kukosa mjadala wa ardhi. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliunda tume chini ya Morris Carter, ikazunguka nchi ikiwasikiliza wazee, na mwaka 1934 ikatoa ripoti ambayo matokeo yake yalikuwa kuzifuta haki za Waafrika nje ya mipaka ya rizavu walizotengewa. Baada ya uhuru zikaja nyingine. Tume ya Njonjo ilipitia mfumo mzima wa sheria za ardhi kati ya 1999 na 2002. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa 2003, ilikuta hati haramu zipatazo 200,000, nyingi zikiwa zimetolewa katika miaka ya mwisho kabla ya serikali kubadilika mwaka 2002. Mazungumzo ya upatanishi ya 2008, yaliyosimamiwa na Kofi Annan, yaliiweka ardhi katika Ajenda ya Nne, na Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2009 ikakiri waziwazi kwamba dhuluma za kihistoria zipo na zinahitaji chombo cha kuzishughulikia.

Kisha ikaja Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000, ikakabidhi ripoti kwa Rais Mei 2013. Sura ya ardhi ndiyo iliyozusha mvutano mkubwa: makamishna watatu wa kigeni walijitenga nayo, wakidai aya kadhaa zilibadilishwa kwa shinikizo kabla ya ripoti kutoka. Baadaye sheria ilirekebishwa ili Bunge liijadili ripoti kabla ya utekelezaji, na Bunge halikuipitisha. Machi 2015 Rais aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Radhi ilitolewa siku ile ile; mfuko uliwaacha waathiriwa wakiendelea kusubiri.

Jamii inayojiandaa kuingia kwenye jukwaa lolote la kitaifa, liwe la Bunge, la tume mpya au la mazungumzo ya vyama, inafaa kujifunza jambo moja kutoka msururu huo. Kuomba tume nyingine ni kuomba kitu ambacho serikali yoyote iko tayari kutoa, kwa kuwa tume hununua muda. Ombi zito ni lile linaloshika pendekezo lililokwisha kuandikwa, likataja ripoti na ukurasa, likauliza ni ofisi gani ilipaswa kulitekeleza na kwa nini haikufanya hivyo. Swali la namna hiyo haliishii kwenye makofi.

Ripoti hizo zina faida nyingine ambayo watu wengi huipita. Ushahidi uliotolewa mbele ya tume ya Carter ulichapishwa wote katika majuzuu matatu. Humo mna maneno ya wazee wa miaka ya 1930 wakitaja mito, vilima, koo na majina ya walowezi waliowaondoa. Ripoti ile ile iliyotumika kuwanyang'anya inaweza kuwa shahidi bora wa wajukuu, maana iliandikwa na serikali yenyewe, wakati ambapo hakuna aliyefikiria kwamba ingesomwa dhidi yake.

Faili la dai

Dai huanza kuaminika linapokuwa faili. Katika mabaraza mengi ya kijiji, mzee husimama akaonyesha kwa bakora: kutoka mto ule hadi mti ule palikuwa petu. Maneno hayo ni ushahidi, na mahakama za Kenya na za Afrika zimeupokea ushahidi wa simulizi. Lakini mto na mti lazima vitiwe kwenye ramani. Idara ya Upimaji, yenye ofisi zake Ruaraka, Nairobi, ina ramani za zamani zinazoonyesha namba za mashamba ya walowezi. Mwenye namba ya shamba anaweza kulifuata kwenye masjala ya ardhi na kuona limepita mikononi mwa nani. Kwa ardhi iliyosajiliwa kwa kadi ya kijani, kadi hiyo huonyesha msururu wa wamiliki. Jumba la Nyaraka za Kitaifa, kwenye barabara ya Moi, lina ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya wa kikoloni na ripoti za makabidhiano kati ya mkuu anayeondoka na anayeingia. Hizi za makabidhiano ndizo tamu zaidi, kwa sababu afisa alimwandikia mwenzake bila kujipamba: jamii fulani inalalamikia ardhi fulani, usiwasikilize, au wahamishwe kabla ya mvua.

Nyumbani nako kuna nyaraka. Risiti za kodi ya kibanda, kipande (pasi ya kazi ya kikoloni) cha babu chenye jina la mwajiri na mahali pa kazi, cheti cha ubatizo chenye jina la misheni, daftari la shule iliyobomolewa. Makaburi yapigwe picha pamoja na alama ya mahali yalipo. Pwani, umri wa minazi na miembe umewahi kusaidia kuonyesha ni tangu lini mtu yupo. Wazee warekodiwe kwa sauti mapema, kila mmoja peke yake na si kwa kundi, ili simulizi zao zisifanane kwa kuigana. Kisha maneno yao yaandikwe na kuapiwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Mzee wa miaka 85 hawezi kusubiri tarehe ya kusikilizwa ambayo haijapangwa.

Kuna nyaraka zinazokata pande zote mbili, na ni bora zijulikane kabla upande wa pili haujazitoa. Mfano mzuri ni Mombasa, mitaa kama Majengo, ambako kwa vizazi mtu amemiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, akimlipa mwenye ardhi kodi ya mwezi. Zile risiti ndogo zinathibitisha kwamba familia imekaa pale miaka mingi. Zinaweza pia kusomwa kuwa familia ilimtambua mwenye hati kama mwenyewe, na Kifungu cha 15 kinataka mdai awe hakuwahi kufanya tendo la kuiachilia haki yake. Risiti hizo zisifichwe. Zieleweke katika maelezo ya mdai mwenyewe: kodi ililipwa kwa sababu asiyelipa alivunjiwa nyumba.

Orodha ya wadai nayo ni sehemu ya faili, na ndiyo inayovunja madai mengi kutoka ndani. Iandikwe mapema, isomwe hadharani, ibandikwe mahali watu wanapopita, na ipewe muda wa kupingwa. Wanawake waandikwe kwa majina yao, si kama wake wa fulani. Usajili wa ardhi uliofuata Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulimwandika mwanamume mwenye boma, na haki za wajane, mabinti na wapangaji wa kimila zikafutika kimyakimya. Dai linalorudia mtindo ule linaanza na dhuluma mpya, na Ibara ya 60 ya Katiba inalikataza. Walioolewa mbali, waliohamia mjini na walio ng'ambo watafutwe. Na wawepo watu wawili au watatu wa kuweka nakala za faili sehemu tofauti, kwa sababu faili lililoko kwa mwenyekiti peke yake huondoka naye akinunuliwa.

Muda wa kuwasilisha

Marekebisho ya 2016 yaliipa kila jamii miaka mitano kuwasilisha dai kwenye Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na dirisha hilo lilifungwa Septemba 2021. Kifungu chenyewe kiliandikwa ili kife baada ya miaka 10. Tangu muda ule uishe, miswada ya kuurejesha imefikishwa Bungeni, kwa hiyo hatua ya busara kabla ya kuajiri wakili ni kwenda ofisi ya tume kwenye kaunti na kuuliza mambo mawili: kama dai la jamii hiyo tayari lilipokelewa kabla ya kufungwa, na sheria inasemaje wakati huo kuhusu madai mapya. Mara kadhaa imetokea kwamba kikundi kimoja cha ukoo kiliwasilisha dai mwaka 2018 au 2019 bila wengine kujua. Kujiunga na dai lenye namba ni rahisi kuliko kuanza upya.

Aliyekosa dirisha hilo hajakosa kila kitu. Ibara ya 67 ya Katiba inaipa tume kazi ya kuchunguza dhuluma za ardhi, za sasa na za kihistoria, kwa hiari yake au kwa kulalamikiwa, na ibara hiyo haikuwekewa tarehe ya mwisho. Ibara ya 22 inamruhusu yeyote, au kikundi, kwenda mahakamani haki yake ya kikatiba inapovunjwa. Kesi za kawaida za kudai ardhi hufungwa na Sheria ya Ukomo wa Mashtaka baada ya miaka 12, ndiyo maana wakili mzuri hulijenga dai la zamani juu ya Katiba na si juu ya umiliki wa kawaida. Zipo pia hoja za hati yenyewe. Aprili 2023, katika kesi ya ploti ya Nyali iliyokuwa imeziba njia ya kwenda ufuoni, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati isiyo na mzizi halali haimkingi hata aliyeinunua baadaye kwa mkono wa pili. Uamuzi huo umebadilisha nguvu za pande mbili katika migogoro ya ardhi ya umma: sasa mwenye hati analazimika kueleza ilivyopatikana mara ya kwanza.

Nje ya nchi, njia ni ndefu lakini wapo waliokwisha kuipita. Kenya haijatoa tamko la kuruhusu raia kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Mdai hupitia kwanza Tume ya Afrika iliyoko Banjul, na kabla ya hapo lazima aonyeshe kwamba alimaliza njia za nyumbani au kwamba zimezibwa. Waogiek wa Mau walifika Arusha kwa njia hiyo, tume ikiwa ndiyo mlalamikaji.

Ufurushaji unapokaribia

Hapa muda ni wa siku, na sheria iko wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Vifungu vya 152A hadi 152I vya Sheria ya Ardhi, vilivyoongezwa mwaka 2016, vinataka ilani isiyopungua miezi mitatu, kwa maandishi, hata kwa mtu anayeikalia ardhi isivyo halali. Katika ardhi ya umma ilani hutoka Tume ya Kitaifa ya Ardhi, huchapishwa katika Gazeti la Serikali na gazeti la kawaida, na hutangazwa redioni kwa lugha ya wenyeji. Msalaba mwekundu uliopakwa ukutani si ilani. Wala tangazo la chifu barazani si ilani, japokuwa ni dalili kwamba kitu kinakuja.

Anayepokea ilani ana haki ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba ifutwe, ibadilishwe au isimamishwe. Asisubiri mwezi wa tatu. Siku ya kubomoa ikifika, sheria inataka wanaobomoa wajitambulishe, waonyeshe idhini rasmi, maafisa wa serikali wawepo, wagonjwa, watoto na wazee walindwe, nguvu isizidi kiasi, na wakazi wapewe nafasi ya kwanza kuvunja wenyewe na kuokoa mabati, milango na mali yao. Kila sharti linalovunjwa ni hoja ya fidia. Kwa hiyo jirani mmoja apewe kazi ya kupiga picha tu: namba za tingatinga na magari, nyuso na sare za walio kazini, saa, mali iliyofukiwa. Picha za nyumba kabla ya kubomolewa, na vilivyomo ndani, zina thamani kubwa kuliko za vifusi, na hupigwa na wachache.

Amri ya mahakama haizuii tingatinga kwa kuwepo tu. Mei 2020, katikati ya janga la korona, nyumba za Kariobangi zilibomolewa ilhali mahakama ilikuwa imekwisha kuzuia. Amri ifikishwe mkononi kwa kamanda wa polisi wa eneo, naibu kamishna wa kaunti na shirika linalodai ardhi, na kila mmoja atie saini kupokea; bila saini hizo, kesi ya kudharau mahakama hukosa miguu.

Baada ya kubomolewa, bado kuna mahali pa kwenda. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walibomolewa Novemba 2011. Januari 2021, katika kesi yao, iitwayo Mitu-Bell, Mahakama ya Juu ilisema kwamba waliokaa kwenye ardhi ya umma bila makao mengine wana haki ya makazi inayolindwa na Katiba, hata kama hawana hati, na kwamba mahakama inaweza kubaki na kesi ikisimamia utekelezaji hatua kwa hatua. Uamuzi huo ndio wa kutajwa katika kila ombi la dharura.

Funzo la Mavoko, Kaunti ya Machakos, ni la upande mwingine. Oktoba 2023 mamia ya nyumba, nyingine za ghorofa, zilibomolewa kwenye ardhi ya kampuni ya saruji. Wenye nyumba walikuwa wameuziwa ploti na watu waliodai haki ya ardhi ile. Ardhi iliyo chini ya dai haiuziki, hata muuzaji akiwa na historia ya kweli mdomoni. Jamii inayoruhusu viongozi wake kukata na kuuza ploti kabla ya uamuzi inaliua dai lake na kuwaingiza wengine shimoni.

Ndani ya ukumbi

Bunge hupokea ardhilhali kutoka kwa raia yeyote chini ya Ibara ya 119, na Seneti ndiyo mara nyingi yenye sikio kwa ardhi kwa sababu inabeba kaunti. Ardhilhali nzuri ni fupi: nani analalamika, ardhi ipi, ilichukuliwa vipi, ofisi zipi zilikwisha kuendewa, hakuna kesi inayoendelea au ipo, na Bunge lifanye nini. Kipengele cha mwisho ndicho huachwa wazi. Maneno kama "tunaomba haki itendeke" huipa kamati nafasi ya kutembelea eneo, kupiga picha na wazee, na kuandika kwamba suala hilo ni zito. "Tunaomba ukodishaji wa shamba namba fulani usirefushwe kabla ya madai kusikilizwa" huilazimu kamati kujibu ndiyo au la. Ukodishaji unaoisha ni nafasi adimu. Katiba imewawekea wasio raia ukomo wa miaka 99, na mapendekezo ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi kuhusu Kericho, yaliyochapishwa Gazetini Machi 2019, yaligusa moja kwa moja upimaji upya wa mashamba ya chai na masharti ya kurefusha. Wamiliki nao wakaenda mahakamani kuyapinga. Kaunti inayojua tarehe za kuisha kwa ukodishaji wa mashamba yake makubwa imeshika usukani wa mjadala kabla haujaanza.

Lugha nayo ina sheria yake. Ibara ya 33 hailindi matamshi ya chuki, na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2022 ililiweka neno "madoadoa" miongoni mwa maneno ya chuki, kwa kuwa lilitumika katika Bonde la Ufa kuwaita majirani waliotakiwa kuondoka. Dai linaloelekezwa kwa serikali, kampuni au tendo la kisheria husikilizwa. Linaloelekezwa kwa kabila lililouziwa ardhi ile huhamia polisi, na mara nyingi huwanufaisha wanasiasa wa msimu wa uchaguzi, ambao baada ya kura hawaonekani tena. Ni bora majirani hao waitwe mapema, waelezwe ni nafuu gani inayoombwa, na waulizwe wao walipataje ardhi. Baadhi yao wana nyaraka zinazolisaidia dai, kama vile risiti za mkopo wa serikali zinazoonyesha nani aliyeuza.

Nafuu inayoombwa ndiyo huamua kama majirani watakuwa maadui. Kifungu cha 15 kinaorodhesha nyingi: kurudishiwa ardhi yenyewe, fidia pale kurudisha kusipowezekana, kupewa ardhi nyingine, miundombinu ya kijamii, njia ya kupita, kufutwa kwa hati na kugawa upya, kuuza na kugawana mapato, na kumrudishia pesa mnunuzi wa nia njema. Mdai anaweza kuomba mseto. Jamii iliyopoteza makaburi na chemchemi katikati ya shamba lenye mji mzima huenda ikafanikiwa zaidi kwa kuomba njia ya kufika makaburini, ekari kadhaa za pembeni na fidia, kuliko kung'ang'ania shamba zima ambalo hakuna serikali itakayolibomoa. Ununuzi ni njia nyingine: mwaka 2016, Likoni, serikali iliwapa wakazi hati za shamba la Waitiki baada ya kukubaliana na mwenye hati alipwe. Ilikuwa ghali, na ilitatua mgogoro mmoja tu, lakini ulitatuka.

Baada ya uamuzi

Tume ya Kitaifa ya Ardhi hupendekeza, haina polisi wala hazina. Sheria inaipa mamlaka iliyotajwa kwenye pendekezo miaka mitatu kutekeleza, kwa hiyo siku pendekezo linapochapishwa ndipo hesabu huanza, na barua ya kwanza ya kuuliza hatua iliyofikiwa iandikwe mwezi huo huo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaifanya ofisi ya umma iwajibike kujibu. Ushindi mahakamani nao uombewe tarehe: serikali irudi baada ya siku 90 kueleza ilichofanya, na irudi tena.

Waendorois walishinda mbele ya Tume ya Afrika mwaka 2010, na kikosi kazi cha kutazama utekelezaji hakikuundwa mpaka 2014. Waogiek walishinda Arusha Mei 2017. Juni 2022 mahakama iliagiza walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara ya utu, na ardhi yao ipimwe na kupewa hati ya pamoja. Novemba 2023 familia za Waogiek zilikuwa zikifurushwa tena msituni Mau, upande wa Narok. Mwenye hukumu mkononi anahitaji mawakili, wanahabari na mbunge wake zaidi kuliko alipokuwa hana.

Ardhi ikirudi, isajiliwe chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 kabla ya kugawanywa. Jamii husajiliwa kwa jina, hukutana katika mkutano mkuu, na huchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Kuuza au kuhamisha ardhi hiyo kunahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wanachama wazima walioandikwa, na orodha ya wanachama ni ile ile iliyoandaliwa kwa ajili ya dai, ikiwa iliandaliwa vizuri. Ranchi za vikundi za Kajiado, zilizoanzishwa chini ya sheria ya 1968, zilianza kugawanywa kwa mtu mmoja mmoja katika miaka ya 1980. Sehemu kubwa ya vipande hivyo, hasa vilivyo karibu na Nairobi, imekwisha kuuzwa kwa watu wa nje, kwa hati halali kabisa ambazo hakuna tume itakayozifuta.